Mzigo Uliobaki Ghalani na Kodi Yako: Vidokezo kwa Wafanyabiashara wa Mbeya na Iringa

Tarehe 31 Desemba huwakuta wafanyabiashara wa Nyanda za Juu Kusini na mzigo ndani. Igurusi na Ubaruku kuna mchele unaosubiri lori la Dar es Salaam. Mafinga mbao zimepangwa zikikauka. Uyole na Mbalizi maduka ya pembejeo yamejaa mbolea kwa sababu mvua zimeshaanza na wakulima wako shambani. Mahindi yaliyonunuliwa Juni kwa bei ya mavuno sasa yana bei nyingine kabisa. Siku hiyohiyo mwaka wa mapato unafungwa, na inabidi uandike namba moja: mzigo uliobaki una thamani ya shilingi ngapi.

Namba hiyo inaweza kukuongezea au kukupunguzia kodi kwa mamilioni bila wewe kuuza hata kilo moja zaidi. Wengi huiandika dakika za mwisho, kwa bei ya soko ya siku ile, wakimwambia mhasibu "weka tu kama milioni sitini." Wanachokifanya ni kulipia kodi faida ambayo bado haijaingia mfukoni. Vidokezo hivi ni vya kuzuia hilo, kwa njia ya halali na ya wazi mbele ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

1. Jua kwanza kama jambo hili linakuhusu

Kama unafanya biashara kwa jina lako binafsi, kipato chako kinatokana na biashara hiyo tu, na mauzo yako kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100, kwa kawaida unatozwa kodi kwa kuangalia mauzo ghafi. Mpaka huo wa milioni 100 uliwekwa mwaka 2019. Kabla yake ulikuwa milioni 20. Katika utaratibu huo thamani ya mzigo uliobaki haigusi kodi yako.

Ukivuka mpaka huo, au ukiwa na kampuni ya ukubwa wowote, unatozwa kwa faida. Kampuni hulipa asilimia 30 ya faida inayotozwa kodi. Mtu binafsi hupanda ngazi kwa ngazi hadi asilimia 30 kwa kiasi kinachozidi shilingi milioni 12 kwa mwaka. Hapo ndipo kila gunia lililobaki linapokuwa na uzito wa kikodi.

Anayekaribia kuvuka afanye jambo moja mapema: ahesabu mzigo wote ule mwaka unapogeuka, aandike na atie sahihi. Mwaka wa kwanza wa kutozwa kwa faida utaanza na stoki ya kuanzia, na asiye na ushahidi wa stoki hiyo atauza mzigo ambao kwenye vitabu unaonekana haukumgharimu kitu. Faida yote ya mauzo hayo itaonekana kubwa kupita ukweli.

2. Shika hesabu yenyewe, ni fupi

Kifungu cha 13 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 kinakuruhusu kutoa gharama ya mzigo hivi: chukua stoki ya kuanzia mwaka, ongeza manunuzi na gharama zake za mwaka mzima, kisha toa stoki ya kufungia mwaka. Kinachobaki ndicho unachokitoa kwenye mauzo kupata faida.

Tazama mahali stoki ya kufungia ilipokaa. Inapunguza gharama. Ukiikuza, gharama inashuka, faida inapanda na kodi inapanda. Ukiidunisha, kinyume chake. Sheria inasema pia kwamba stoki ya kufungia mwaka huu ndiyo ya kuanzia mwaka ujao, kwa hiyo ulichokikuza leo kitakupunguzia faida mwakani. Tofauti ni ya wakati.

Lakini kwetu huku wakati ni fedha kwelikweli. Ritani ya mwisho ya anayefunga mwaka Desemba, pamoja na kodi iliyobaki, inatakiwa ndani ya miezi sita, yaani hadi 30 Juni. Juni ndiyo mpunga wa Usangu na Kyela unaingia sokoni na mahindi ya Ismani yanavunwa. Shilingi iliyokwenda kulipia faida ya kufikirika mwezi huo ni shilingi isiyonunua mzigo wakati bei iko chini. Ukirudishiwa unafuu mwakani, msimu umeshapita.

3. Usithamini mzigo kwa bei ya kuuzia

Kama utachukua kidokezo kimoja tu, chukua hiki. Kifungu hichohicho cha 13 kinataka stoki ya kufungia iandikwe kwa gharama yake au kwa bei ya soko, *iliyo ndogo kati ya hizo mbili*. Mahindi uliyoyanunua Julai kwa shilingi 500 kwa kilo na ambayo sokoni Desemba yanauzwa 900 huandikwa kwa gharama, si kwa 900. Zile 400 za juu zitakuwa faida siku utakapouza, na kodi yake itafuata mwaka huo.

Kosa hili limeenea kwa sababu mfanyabiashara anaijua bei ya leo kichwani, ilhali gharama ya Julai iko kwenye daftari ambalo halijulikani liko wapi. Dawa yake ni daftari la manunuzi lenye tarehe, kilo, bei na gharama za kuufikisha mzigo ghalani. Lililobaki kwenye makala hii linategemea daftari hilo.

4. Chagua njia ya kupata gharama, na ujue inakupeleka wapi

Ugumu unakuja pale unaponunua mara nyingi kwa bei tofauti, mchele ukachanganyika ghalani. Zile kilo zilizobaki ni za Juni au za Novemba? Hakuna ajuaye, na ndiyo sababu kuna njia za kuhesabu. Mbili ndizo za kawaida. Ya kwanza ni *kwanza kuingia, kwanza kutoka*: unahesabu kwamba mzigo wa zamani ndio uliouzwa, kwa hiyo uliobaki ni wa manunuzi ya karibuni. Ya pili ni *wastani wa gharama*: unajumlisha gharama zote, unagawa kwa kilo zote, na kila kilo inabeba gharama ileile.

Tuseme kampuni ndogo ya Igurusi ilianza mwaka haina kitu ghalani. Mwezi Juni ilinunua tani 30 za mchele kwa shilingi 1,500 kwa kilo, Agosti tani 30 kwa 1,800, na Novemba tani 30 kwa 2,400. Jumla ni tani 90 kwa shilingi milioni 171. Hadi 31 Desemba imeuza tani 66 kwa wastani wa shilingi 2,500, yaani milioni 165. Zimebaki tani 24.

Kwa kwanza kuingia, kwanza kutoka, tani 24 zote ni za Novemba: 2,400 mara kilo 24,000 ni milioni 57.6. Gharama ya mchele uliouzwa inakuwa milioni 113.4 na faida ghafi milioni 51.6.

Kwa wastani, kila kilo ni shilingi 1,900. Tani 24 ni milioni 45.6. Gharama ya uliouzwa ni milioni 125.4 na faida ghafi milioni 39.6.

Tofauti ni milioni 12 za faida, na kwa asilimia 30 ni kodi ya shilingi milioni 3.6. Kwa bei ya Juni ya shilingi 1,500, fedha hiyo inanunua kilo 2,400 za mchele. Mauzo ni yaleyale na ghala ni lilelile.

Na yule aliyethamini kwa bei ya soko, tuseme shilingi 2,800? Ameandika stoki ya milioni 67.2 na faida ghafi ya milioni 61.2. Amemzidi mwenzake wa wastani kwa milioni 21.6 za faida, sawa na kodi ya karibu milioni 6.5, tena kwa njia ambayo sheria haikumtaka aifuate.

Ushauri wangu kwa anayenunua nafaka kidogokidogo tangu mavuno hadi Desemba ni wastani. Nafaka huchanganyika kweli ghalani, kwa hiyo wastani unafanana na hali halisi, na katika msimu wa bei inayopanda hautakulipisha mapema. Anayenunua mzigo wote mara moja wakati wa mavuno asijisumbue, maana njia zote mbili zitampa jibu lilelile. Kwa duka la pembejeo au dawa za mifugo ningechagua kwanza kuingia, kwanza kutoka, kwa kuwa bidhaa zina tarehe ya kuisha na kweli inabidi za zamani zitoke kwanza.

Kumbuka pia kwamba bei zikishuka mambo hugeuka: kwanza kuingia, kwanza kutoka ndiyo itakayokupa stoki ndogo na faida ndogo. Hakuna njia inayoshinda kila mwaka.

5. Achana na ile njia ya Marekani

Ukisoma vitabu vya biashara vya Marekani utakutana na njia ya tatu, *mwisho kuingia, kwanza kutoka*. Katika mfano wetu ingebakisha tani 24 kwa bei ya Juni, milioni 36 tu, na faida ghafi ya milioni 30. Inavutia sana, na huko imekubalika kikodi tangu miaka ya 1930. Lakini kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachohusu stoki, IAS 2, kiliifuta kuanzia 2005, na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) iliipeleka Tanzania kwenye viwango vya kimataifa tangu Julai 2004. Mkaguzi hatatia sahihi hesabu zilizotengenezwa hivyo.

6. Gharama ya mzigo haiishii kwenye bei ya shambani

Mchele wa shilingi 1,500 haukufika ghalani kwa 1,500. Kuna kukoboa, magunia, wapakiaji, nauli ya kutoka Ubaruku hadi Mbeya mjini, na ushuru wa mazao wa halmashauri, ambao mabadiliko ya 2017 yaliushusha hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Hivi vyote ni sehemu ya gharama ya mzigo. Vigawe kwa kilo.

Kuna vingine haviingii. Kodi ya pango la ghala wakati mzigo unasubiri mnunuzi, mshahara wa mlinzi, nauli ya kuupeleka mchele kwa mteja Dar es Salaam, riba ya mkopo wa benki: hivi ni matumizi ya mwaka husika, vikiwa na ushahidi. Ukivitumbukiza kwenye gharama ya mzigo, sehemu yake itabaki imefungiwa ndani ya stoki, na unafuu wake utausubiri hadi mwakani. Ukifanya kinyume, ukaziandika nauli za kununulia kama matumizi ya mwaka huu wakati nusu ya mzigo bado iko ghalani, umepunguza kodi isivyo halali, na afisa wa TRA anayejua kazi yake ataliona hilo kwanza.

Wenye kukoboa wenyewe wana kazi ya ziada. Kilo 100 za mpunga hutoa takriban kilo 60 hadi 70 za mchele, kutegemea mashine na ukavu wa mpunga. Kama mpunga ulikugharimu shilingi 1,000 kwa kilo na ukapata kilo 65, gharama ya kilo ya mchele ni zaidi ya 1,538 kabla ya kulipa mashine. Pumba na chenga zikiuzwa, fedha yake ipunguze gharama hiyo.

Mahindi nayo hupungua kwa kukauka. Ukinunua kilo 10,000 zenye unyevu wa asilimia 18 kwa shilingi 600, ukazianika hadi asilimia 13, zinabaki kilo 9,425 hivi. Milioni 6 zako sasa zimegawanyika kwa kilo chache, na kila kilo ina gharama ya shilingi 637. Upungufu huo ni wa kawaida, unaingia kwenye gharama ya kilo zilizobaki. Anayehesabu bado kwa 600 anadunisha gharama yake na kushangaa kilo zimekwenda wapi.

Mafinga hesabu ni ndefu zaidi, na hapo ndipo naona wafanyabiashara wakijidhulumu kuliko kwingine. Mbao ya pini au mkaratusi huanza na bei ya mti uliosimama, iwe ni kutoka Shamba la Miti Sao Hill au kwa mkulima wa Mufindi. Inafuata kukata, kuvuta magogo, mafuta na vijana wa mashine ya *dingdong*, misumeno, kupanga na kukausha. Gogo haligeuki mbao lote. Sehemu kubwa huondoka kama maganda na vumbi. Wengi wanajua gharama ya mti na bei ya kuuzia ubao, katikati hapo hawana kitu. Ifanye hesabu kwa kila kundi la magogo: fedha zote zilizoingia, gawa kwa ujazo wa mbao zilizotoka. Kisha zitenge zilizokauka na mbichi, maana za kwanza zimebeba gharama zaidi.

7. Hesabu kwa kilo, gunia halina uzito mmoja

Wakala wa Vipimo wanapiga marufuku lumbesa, na bado viazi mviringo vinaendelea kufungwa kwa kilemba juu ya gunia. Ukiandika "magunia 200" kwenye karatasi ya kuhesabia stoki, hujaandika kitu. Gunia lililonunuliwa shambani kwa lumbesa likifunguliwa na kufungwa upya kwa kilo 100 huongeza idadi ya magunia bila kuongeza mzigo. Debe na sado nazo hutofautiana kwa mjazaji. Mizani moja iliyokaguliwa, kilo kwenye kila mstari, jina la aliyehesabu na aliyeshuhudia.

8. Bei ikianguka chini ya gharama, shusha thamani na uweke ushahidi

Ule upande wa pili wa "iliyo ndogo kati ya hizo mbili" husahaulika. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kwenda nje ya nchi, na bei ikaporomoka katika mikoa yetu huku maghala yakiwa yamejaa. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikafungua kwa masharti. Aliyefunga mwaka akiwa na mahindi ya gharama ya shilingi 700 kwa kilo wakati soko linatoa 450 ana haki ya kuyaandika kwa 450 na kuipokea hasara hiyo mwaka uleule.

Haki hiyo inadai karatasi: bei za soko za wiki ya mwisho ya Desemba, mauzo yako mwenyewe ya siku hizo kwenye risiti za EFD, na ofa uliyopewa na mnunuzi kwa maandishi. Kauli ya "soko lilikuwa baya" haitoshi.

Pima kila bidhaa peke yake, kama kanuni za uhasibu zinavyotaka. Tuseme mahindi yako yaligharimu milioni 20 na soko linatoa 15, na mchele uligharimu milioni 30 na soko linatoa 38. Ukijumlisha vyote, soko ni milioni 53 dhidi ya gharama ya 50, na hasara ya mahindi inazama. Ukitenganisha, stoki ni 15 na 30, jumla milioni 45.

9. Wenye maduka ya pembejeo, mbolea ina hesabu yake

Bei za mbolea zilipanda kwa kasi mwaka 2021 na 2022, hadi serikali ikaanzisha ruzuku, iliyozinduliwa na Rais Samia kwenye Nane Nane ya 2022 pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Tangu hapo mfuko una namba mbili: anacholipa mkulima na kinachofidiwa na serikali. Kwenye stoki ya Desemba andika gharama yako ya kuununua mfuko, usiandike bei ya ruzuku anayolipa mkulima wala jumla ya mauzo. Fidia unayoidai kwa mifuko iliyokwisha kuuzwa si stoki tena. Ni deni unalodai, likae kwenye orodha ya wadaiwa.

Mbegu na viuatilifu vilivyopita tarehe havina bei ya soko. Vitenge, viorodheshe, na kabla ya kuviteketeza iandikie ofisi ya TRA ya mkoa ili wakitaka waje washuhudie. Barua yenye mhuri wa kupokelewa ina thamani kuliko maelezo ya mdomo miaka mitatu baadaye.

10. Mzigo wako si ule tu unaouona

Mchele uliopelekwa Tandale kwa mali kauli, ambao jamaa atalipa akiuza na asipouza atarudisha, bado ni wako. Uhesabu. Ule uliouza kwa mkopo, mteja akaupokea na deni likasimama, si wako tena hata kama hujaona shilingi. Mazao yaliyo ghala la stakabadhi yanabaki kuwa yako hadi yauzwe. Lori lililokwama foleni ya Tunduma usiku wa 31 Desemba ni lako au la mnunuzi kufuatana na mlivyokubaliana, kwa hiyo makubaliano yaandikwe.

Na mali kauli uliyopewa wewe na mwenzako, ikae pembeni. Siku ya kuhesabu isije ikaongeza faida yako kwa mzigo wa mtu.

11. Gunia la nyumbani liandikwe

Mchele uliokwenda jikoni, kwenye msiba, kanisani au kwa shangazi aliyekuja kusalimia haukuuzwa. Usipouandika, gharama yake inajificha ndani ya gharama ya mauzo, na TRA ikilinganisha kilo zilizoingia na zilizotoka itakuuliza mauzo yake yako wapi. Mstari mmoja kwenye daftari unatosha: tarehe, kilo, matumizi ya nyumbani.

12. Dumuzi na moto

Hasara ya ghalani ni ya aina mbili. Kidogo kinacholiwa na wadudu au kumwagika kila msimu ni cha kawaida, kinabebwa na gharama ya kilo zilizobaki. Dumuzi akimaliza mlundo mzima, au mvua ikivuja juu ya mchele, hiyo ni hasara isiyo ya kawaida. Itenganishe na uiandike mwaka huohuo, ukiwa na picha, uzito wa kilichobaki na maelezo ya afisa kilimo.

Moto ni mzito zaidi, kwa sababu huteketeza mzigo pamoja na daftari. Mwanjelwa inaukumbuka wa 2006, na Kariakoo wa Julai 2021 uliwaacha wengi bila hata karatasi ya kuonyesha walichokuwa nacho. Piga picha kila ukurasa wa daftari la manunuzi kila Jumamosi na uzihifadhi nje ya duka, kwenye barua pepe au kwa mhasibu. Bima nayo itataka karatasi hizohizo. Ikikulipa, malipo yake yanaingia kwenye hesabu pia.

13. Usirukeruke kati ya njia

Kutumia wastani mwaka wa bei kupanda na kugeukia njia nyingine mwaka wa bei kushuka ni kujitafutia ukaguzi. Uganda wameandika wazi kwenye sheria yao ya kodi ya mapato kwamba aliyechagua njia moja haibadilishi bila ruhusa ya maandishi ya Kamishna. Kwetu nawe fanya vivyo hivyo: andika njia uliyochagua kwenye maelezo ya hesabu zako, ifuate, na ukiwa na sababu ya kweli ya kubadili, mwandikie Kamishna kwanza.

Kwa kampuni kuna mlango mwingine ambao wachache huugonga. Mwaka wa mapato ni wa kalenda, lakini taasisi inaweza kuomba kwa Kamishna kufunga hesabu tarehe nyingine. Biashara ya nafaka inayofunga mwishoni mwa Aprili hukuta ghala karibu tupu, kabla ya mavuno mapya kuingia. Mzigo mdogo una ubishi mdogo wa thamani, na tarehe ya kulipa inasogea mbali na msimu wa kununua. Mtu binafsi hana mlango huo.

14. Tunza karatasi miaka mitano, na ujue njia ya kupinga

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano. Kwa stoki, hizo ni karatasi za kuhesabia zenye sahihi, daftari la manunuzi, stakabadhi za ushuru wa halmashauri, risiti za mashine ya kukoboa na za usafiri. Mkulima wa Mbarali hana mashine ya EFD, kwa hiyo jina lake, kijiji, kilo, bei na sahihi viwe kwenye hati ya manunuzi, na umlipe kwa simu au benki ili malipo yaache alama.

Ikitokea TRA wakathamini mzigo wako juu kuliko ulivyouandika, una siku 30 tangu upokee makadirio kuwasilisha pingamizi kwa maandishi. Pingamizi hupokelewa ukilipa kodi usiyoibishia au theluthi moja ya iliyokadiriwa, iliyo kubwa kati ya hizo. Usiporidhika na uamuzi, unakwenda Bodi ya Rufani za Kodi. Kote huko utaulizwa mambo yaleyale: ulihesabu lini, nani alikuwepo, na kila kilo ilikugharimu shilingi ngapi.